Tumwamini Gulliver? Msimulizi Asiyeaminika katika Hadithi za Ajabu

Miaka michache iliyopita niliwasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu safari ya nne ya Gulliver, yaani ile ya nchi ya farasi wanaonena. Niliisimulia kwa Kiswahili changu mwenyewe, vipindi vitatu mfululizo, nikiifuata nakala chakavu ya Kiingereza, maana matoleo mengi yaliyofupishwa kwa ajili ya watoto huishia safari mbili za kwanza, ya watu wadogo na ya majitu. Nilipomaliza nikawapa swali la insha: "Eleza maoni ya mwandishi juu ya binadamu." Jibu nililolitarajia lilikuwa moja tu: mwandishi anamchukia binadamu, na anamwona kuwa duni kuliko farasi. Karibu darasa zima liliniandikia hivyo, nami nikatoa alama kwa furaha.

Msichana mmoja aliandika vingine. Alisema hana ugomvi na farasi wanaonena, kwa kuwa hata sungura na fisi wa bibi yake hunena. Ugomvi wake ulikuwa juu ya ngozi. Mtu aliyeshona tanga la chombo chake kwa ngozi za watoto, wala asione haya kulisimulia, yeye hawezi kumkubali awe hakimu wa kuamua nani ni mtu na nani ni mnyama. Kwa hiyo, alimalizia, maneno ya kumtukana binadamu ni ya Gulliver, na maoni ya mwandishi hayana budi kutafutwa mahali pengine. Nilimpa alama nne kati ya ishirini. Ukingoni nikaandika kwa wino mwekundu: "Anayesema ni mwandishi. Hadithi za ajabu haziulizwi ukweli."

Katika sentensi zile mbili fupi nilifanya makosa mawili, na nadhani si mimi peke yangu niyafanyaye. Makala haya ni masahihisho yake.

MKATABA WA HADITHI

Istilahi ya msimulizi asiyeaminika ililetwa katika uhakiki na Mmarekani Wayne Booth, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya ufundi wa usimulizi. Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina lake. Mwandishi humbuni mtu, humpa kalamu, kisha humwacha asimulie kwa nafsi ya kwanza. Mtu huyo huweza kuwa mjinga, au mtoto, au mlevi, au mwenye kujipenda, au mtu aliyejidanganya mwenyewe kabla hajatudanganya sisi. Si lazima awe mwongo wa kukusudia. Yatosha kwamba yale anayotuambia na yale tunayoyaona kupitia maneno yake hayalingani.

Katika riwaya za maisha ya kawaida kazi ya kumpima msimulizi wa namna hii si ngumu sana, kwa sababu mizani tunayo. Akituambia kwamba alitembea kwa miguu kutoka Kampala hadi Jinja kwa nusu saa, tunajua mara moja kuwa ama anajisifu ama hayumo katika akili zake. Lakini katika hadithi za ajabu mizani hiyo tumenyang'anywa. Nchi haimo katika ramani, na sheria za maumbile si zile tuzijuazo. Kama farasi hunena, ni kitu gani tena kisichowezekana? Ndiyo maana wengi wetu hukata shauri kwamba swali la kumwamini au kutomwamini msimulizi halina nafasi katika fasihi ya aina hii.

Wazee wetu walilijua jibu la tatizo hili kabla ya wahakiki. Fanani aitapo "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", mkataba umekwisha fungwa. Kwa mkataba huo hadhira inakubali fisi aoe, kobe alime na sungura anene. Lakini haikukubali zaidi ya hapo. Sungura akiapa mbele ya wanyama wenziwe kwamba hamjui aliyekula asali, watoto hucheka, kwa maana wanajua kuwa aliyeila ni yeye. Wameamini kwamba sungura hunena, lakini hawaamini anenalo.

Naona hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima. Maajabu ni sharti la mkataba, na msomaji anayeyashuku amevunja mkataba. Nafsi ya msimulizi haimo katika mkataba huo. Uaminifu wake, hukumu zake na yale anayoyanyamazia yangali wazi kupimwa, tena yanapaswa kupimwa kwa makini zaidi, kwa sababu vipimo vingine vyote tumeviweka mlangoni tulipokuwa tunaingia.

NAHODHA MPENDA KWELI

Jonathan Swift alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1667, na tangu mwaka 1713 alikuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Patrick katika mji huo huo. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1726 bila ya jina lake. Aliyetajwa kuwa mwandishi ni Lemuel Gulliver, tabibu wa merikebuni aliyepanda hadi akawa nahodha. Wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1932 kwa jina la Safari za Gulliver.

Gulliver hutumia kila njia ya mtu anayetaka kuaminiwa. Hutoa tarehe: merikebu ya Antelope ilitweka kutoka Bristol tarehe 4 Mei 1699. Hutoa digrii na dakika za mahali ilipovunjikia. Hutoa hesabu za kifundi: katika nchi ya Lilliput, ambako watu wana kimo cha inchi sita, kitanda chake kilitengenezwa kwa vitanda 600 vya wenyeji, 150 vikishonwa pamoja ili kupata upana na urefu, kisha matabaka manne yakalazwa moja juu ya jingine. Fanyeni hesabu, nanyi mtaona kwamba hakukosea. Lakini kuhesabu sawasawa si ushahidi wa kuhukumu sawasawa. Mwaka ule ule wa 1726 Swift alimwandikia rafiki yake, mshairi Alexander Pope, kwamba askofu mmoja amekisoma kitabu hicho na kusema kimejaa uongo usiowezekana, na kwamba ni shida kuamini hata neno lake moja. Tunaweza kumcheka askofu yule, lakini shaka yake haikuwa mbaya. Aliiweka mahali pasipo pake tu.

Mahali pake ni hapa. Katika nchi ya majitu mfalme anamwuliza Gulliver juu ya serikali na desturi za Uingereza. Baadaye Gulliver anatuungamia kwamba maswali mengi aliyakwepa kwa hila, na kwamba kila jambo alilipamba kupita kiasi ambacho kweli ingeruhusu. Ungamo hilo analitoa huku akijisifu kuwa mapenzi yake ya kweli ni makubwa mno hata hawezi kutuficha habari hiyo. Kisha anataka kumpa mfalme zawadi: siri ya kutengeneza baruti, iwezayo kubomoa kuta za mji imara kwa saa chache. Mfalme anashikwa na hofu, anamwamuru asiitaje tena kama anaupenda uhai wake. Gulliver anashangaa, kwa maoni yake mfalme ni mtu wa fikira finyu aliyeachilia bahati imponyoke. Mwandishi hatii hata neno moja la kwake mwenyewe hapo, wala halihitajiki.

Katika safari ya tatu, akirudi kwao kupitia Japani, anajiita Mholanzi ili apate njia. Na afikapo kwa wale farasi, waitwao Houyhnhnm, ambao lugha yao haina hata neno la "uongo", anawaficha kwa muda mrefu kwamba nguo zake si ngozi yake. Haya si madhambi makubwa. Ni nani kati yetu asiyejikinga akiwa ugenini? Lakini yanatosha kutuonyesha kwamba mpenda kweli huyu huipenda kweli pale isipomgharimu.

NGOZI

Sasa tuzifikie zile ngozi za mwanafunzi wangu. Katika nchi ya Houyhnhnm wamo pia Yahoo, viumbe wachafu wenye umbo la binadamu. Mwanzoni Gulliver anawachukia kama mtu achukiavyo wanyama wa kuudhi. Kidogo kidogo anatambua kwamba yeye ni wa jinsi yao, na siku Yahoo mmoja wa kike alipomrukia kwa tamaa alipokuwa akioga mtoni, anasema hakuweza tena kukana. Basi kwa ungamo lake mwenyewe Yahoo ni jamaa zake. Halafu baraza la farasi linaamua kwamba lazima aondoke. Anaunda mtumbwi, anaufunika kwa ngozi za Yahoo, anaziba nyufa kwa mafuta yao, na tanga analishona kwa ngozi za watoto wao, kwa kuwa za wakubwa ni ngumu na nene mno. Anayataja yote haya kama fundi atajavyo mbao na misumari. Kisha anaendelea na habari za makasia, na nyama ya sungura na ndege aliyopakia.

Hapa hatumshtaki Gulliver kwamba ametuongopea. Kwa mujibu wa mkataba wetu kila neno ni kweli: mtumbwi ulikuwapo na ngozi zilikuwapo. Kutoaminika kwake kumo katika kimya chake. Pana mahali ambapo mtu yeyote mwenye moyo angesita, naye hasiti. Kusita huko mwandishi ametuachia sisi wasomaji tukufanye. Mwanafunzi wangu alisita. Mimi mwalimu wake, niliyekuwa nimekisoma kitabu mara nne au tano, nilipita pale bila ya kusimama.

Wala Swift hakuishia hapo. Gulliver anaokotwa na merikebu ya Wareno, ambayo nahodha wake anaitwa Pedro de Mendez. Nahodha huyo anampa chakula na chumba, anataka kumvika nguo zake mwenyewe, anamzuia asijitose baharini, anamkaribisha nyumbani kwake Lisbon, na anamshauri arudi kwa mkewe na watoto wake. Ni vigumu kumpata mtu mwema kuliko huyu. Na anayetusimulia wema huo ni Gulliver yule yule, huku akilalamika kuwa harufu ya nahodha na mabaharia wake inakaribia kumzimisha. Ushahidi wa kuibatilisha hukumu yake juu ya binadamu anatuletea kwa mkono wake mwenyewe, asiuone.

Tarehe 5 Desemba 1715 anawasili nyumbani. Jamaa zake, waliokuwa wamekata tamaa wakidhani amekufa, wanampokea kwa furaha. Mkewe anamkumbatia na kumbusu, naye anazimia karibu saa nzima. Baadaye ananunua farasi wawili, anazungumza nao si chini ya saa nne kila siku, na anatuambia kwamba wanamwelewa vya kutosha. Tuangalie vizuri. Hawa si farasi wa nchi ya ajabu. Ni farasi wa kawaida wa Uingereza, walionunuliwa kwa fedha na kutiwa zizini. Mkataba wa maajabu hauwahusu. Hapa ile mizani tuliyonyang'anywa mwanzoni tunarudishiwa, na mara tumpimapo msimulizi wetu tunaona ni mtu wa namna gani aliyekuwa akitusemesha muda wote.

Swift ametuwekea na dalili nyingine mbili. Katika sura ya mwisho Gulliver anaapa kwamba amesema kweli tupu, na kiapo chake anakichukua katika utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi. Msomaji anayeujua utenzi huo anakumbuka kwamba maneno hayo ni ya Sinon, yule Myunani mwongo aliyewalaghai watu wa Troya wakamwingiza farasi wa mbao mjini mwao. Na katika toleo la Dublin la mwaka 1735, chini ya picha ya Gulliver yaliandikwa maneno ya Kilatini yenye maana ya mwongo mtukufu. Mwandishi hawezi kuonya waziwazi zaidi ya hivyo bila ya kukiharibu kitabu chake.

KUMTENGA MWANDISHI NA MSIMULIZI

Kosa langu jingine, la kusema kwamba anayesema ni mwandishi, lilifanywa na watu wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1851 mwandishi mashuhuri wa riwaya, William Thackeray, alitoa mihadhara London juu ya waandishi wa karne iliyotangulia, na alipofika kwa Swift aliwashauri wasikilizaji wake wasiisome safari ya nne. Aliiona kuwa ni matusi ya mtu mwenye kichaa cha chuki. Mtu aliyezoea kubuni wahusika siku zote alishindwa kuona kwamba Gulliver naye ni mhusika aliyebuniwa.

Mwalimu mwenzangu mmoja, nilipomweleza haya, alinipinga kwa hoja nzito. Alisema Swift mwenyewe alimwandikia Pope mwaka 1725 kwamba anamchukia mnyama aitwaye binadamu. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini katika barua ile ile alisema kwamba ingawa huyachukia mataifa na makundi, humpenda mtu mmoja mmoja, na akataja majina kwa mfano: Yohana, Petro, Tomaso. Sasa linganisheni barua na kitabu. Gulliver naye huchukia jinsi nzima ya binadamu. Halafu mwandishi anamletea mtu mmoja, mwenye jina na wema, na jina lake ni Pedro, yaani Petro kwa Kireno. Gulliver hawezi kumpenda. Kile ambacho Swift anadai kubaki nacho hata katika uchungu wake, Gulliver amekipoteza. Barua ile haiunganishi watu hawa wawili, bali inatuonyesha mpaka uliopo kati yao.

MLEVI WA TUTUOLA

Ili tusidhani kwamba kila msimulizi asiyeaminika ni wa kulaumiwa, tumtazame mwingine, wa bara letu. Mwaka 1952 Amos Tutuola wa Nijeria alitoa riwaya yake ya kwanza, juu ya mlevi wa tembo. Mlevi huyo hujiita Baba wa Miungu awezaye kufanya kila jambo duniani. Naye hupenda tarakimu: baba yake alimpa shamba la michikichi 560,000, mgema wake alimgemea mapipa 150 kila asubuhi, naye aliyamaliza kabla ya saa nane mchana, jioni aliongezewa 75. Mgema anapoanguka na kufa, mlevi anafunga safari kumtafuta katika mji wa wafu. Njiani yeye na mkewe wanauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6, na hofu yao wanaikopesha kwa riba ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi.

Nani atayaamini mapipa yale? Hata mtoto hucheka. Lakini tazameni: mtu ambaye ametuambia mwenyewe kwamba hofu yake ameikopesha hawezi kutudanganya juu ya ushujaa wake. Bei ametutajia. Na zaidi ya hayo, afikapo katika mji mmoja anawekwa awe hakimu wa kesi ya mdeni aliyejiua ili asilipe, mdai aliyejiua ili amfuate akamdai huko ahera, na mtazamaji aliyejiua ili aone mwisho wa ugomvi. Huyu Baba wa Miungu, awezaye kila kitu, anashindwa kutoa hukumu. Anaiahirisha kesi mwaka mzima, kisha tena, na mwishowe anamwomba msomaji wa kitabu amletee hukumu yake kwa haraka.

Mlevi anazidisha mapipa, lakini penye kuhukumu watu anakiri kwamba amekwama. Nahodha anahesabu vitanda bila ya kosa, halafu anauhukumu ulimwengu mzima wa binadamu bila ya kusita hata mara moja. Kama ningelazimika kuikabidhi kesi yangu kwa mmoja wao, ningempelekea mlevi.

Wala shaka isigeuke kuwa tabia. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952 vilevile, Adili anamsimulia mfalme Rai kwa kinywa chake jinsi ndugu zake walivyomdhulumu hata wakageuzwa manyani. Kisa chake ni cha ajabu, na washtakiwa hawana kauli. Hata hivyo kisa hicho kimewekwa ndani ya hadithi kubwa yenye msimulizi wa nje anayemdhamini Adili, na mwandishi hakutuachia mwanya wowote wa kumshuku. Mwanafunzi akiniuliza ni nani angemwachilia huru mtu ambaye jina lake ni Hasidi au Mwivu, nitalifurahia swali lake. Lakini nitamtaka anionyeshe ushahidi katika matini, kama yule msichana alivyonionyesha ngozi.

KWA WALIMU

Wanafunzi wetu wengi katika nchi hizi hujifunza Kiswahili wakiwa tayari na lugha moja au mbili nyingine. Kwao sentensi ya Kiswahili iliyochapwa kitabuni ni kielelezo cha lugha sanifu, na ni rahisi sana waiheshimu kama kielelezo cha fikira pia. Nasi tunalizidisha jambo hilo kwa maswali yetu. Tunauliza "Mwandishi anasema nini?" hata pale ambapo mwandishi amenyamaza makusudi na kumwachia mwingine aseme. Mtoto anayefunzwa kwamba kila "mimi" wa kitabuni ni wa kuaminiwa atatoka darasani akiwa tayari kumwamini kila ajisifuye kuwa mpenda kweli, mradi atoe tarehe na tarakimu. Watu wa namna hiyo hawako vitabuni tu.

Siku hizi swali langu nimelibadili. Nauliza: "Ni nani anayetusimulia, na ni wapi katika maneno yake mwenyewe tunapoona asichokiona yeye?" Majibu yamekuwa marefu zaidi, na kuyasahihisha kunanichukua jioni nyingi. Yule msichana alikwisha kumaliza shule kabla sijakisoma tena kitabu kwa macho aliyonipa, kwa hiyo alama zake sikuweza kumrudishia. Nawaomba walimu wenzangu watakaoijaribu njia hii, au watakaoipinga, waandike katika toleo lijalo, ili tusahihishane.